Jumatatu ya Kiilu

Matiliku,
14 Juni 1979

Mutindi,

Huko Kabati walikufunga miguu, ama ulijifunga mwenyewe? Nimevuna mbaazi mara tatu bila kuuona uso wako. Mtoto niliyembeba mgongoni mpaka kanga ikatoboka, leo nikitaka kujua kama yuko hai inabidi nimuulize dereva wa lori. Sikuzaa watu ili niwe nawaulizia kwa madereva.

Nimeketi juu ya gunia la chumvi dukani kwa Mbugua. Ndiye anayeandika. Utamkumbuka, yule Mkikuyu aliyehamia hapa sokoni na bibi yake Kagure. Kikamba chake kinaishia kwenye salamu, kwa hiyo tunasema naye Kiswahili na barua inakujia hivyo. Mimi shule niliiona paa tu. Lakini maneno ni yangu, na nimemwambia asiyalainishe.

Nasikia umekuwa fundi wa nguo. Nikafurahi. Halafu nasikia watu wakija kuchukua nguo zao wanaambiwa warudi kesho, na kesho wanaambiwa warudi tena. Hilo ndilo limenitoa nyumbani na magoti haya. Babu yako ni mtu wa baadaye, kila kitu kwake ni baadaye, na unajua hiyo baadaye yake ilitugharimu nini. Sitaki kuiona mara ya pili kwa mtu ninayempenda.

Jibu. Usitafute karatasi nzuri, andika hata kwenye karatasi ya sukari.

Ni mimi Susu wako, mama wa baba yako, Kalunde. Kidole gumba changu kiko hapo chini.


Kabati,
2 Julai 1979

Susu wangu,

Barua yako ilikaa chini ya cherehani siku kumi na mbili. Niliisoma siku ile ile ilipofika, nikacheka mpaka mwenye duka akatoka kunitazama. Kuijibu ndiko kulikonishinda. Kila asubuhi nilisema nimalize kola hii kwanza, halafu niandike. Sikumaliza kola na sikuandika.

Uliyoyasikia ni kweli. Nyuma yangu ukutani kuna mashati tisa ya shule. Yana kola, yana mikono, yana mifuko. Hayana matundu ya vifungo. Sijui ni nini, Susu. Nikifika karibu na mwisho mkono unakuwa mzito kama wa mtu mwingine. Naanza shati jipya, hilo linakuja kama maji, mpaka lifike pale pale, nalo nalitundika.

Mama anasema hii ni damu, na hakuna sabuni ya damu. Hataji jina la mtu. Hana haja ya kulitaja.

Wewe unaamka, unafanya, inaisha. Tangu nikiwa mdogo sijawahi kuona chungu kichafu kwako kikingoja jioni. Unafanyaje?

Nitakuja. Wacha tu nimalize haya mashati.

Mjukuu wako,
Mutindi Kiilu


Matiliku,
14 Julai 1979

Mutindi,

Umeuliza nafanyaje. Watu wazima hapa hawajawahi kuniuliza, wanasema tu nina kiherehere.

Sikiliza. Nikisuka kiondo, sikiweki chini mzunguko ukiwa umeisha. Mzunguko ulioisha ni kama mlango uliofungwa. Kesho utaketi mbele yake ukiutazama. Nikimaliza mzunguko naanza mwingine, nyuzi tatu tu, hapo ndipo naweka chini. Asubuhi mkono unaokota uzi wa nne kabla kichwa hakijaamka kulalamika. Sasa wewe unatundika shati likiwa limepumzika, kila kitu mahali pake. Nani ataliamsha? Shona nusu ya tundu, acha sindano imesimama hapo hapo. Tuone kama utaweza kulipita.

Na kazi unayoiogopa usiiache ikungoje unywe chai. Itakunywa wewe.

Sasa lile ambalo hukuuliza. Barua nzima, upande wa mbele na wa nyuma, hukumuuliza babu yako. Sikulaumu. Lakini uliyoyasikia uliyasikia kwa mama yako, na mama yako hakuwepo, alikuwa kwao na wewe kifuani. Mimi nilikuwepo.

Ilikuwa mwaka wa njaa ya ndege, zile zilizotumwagia mahindi kutoka angani, ulipokuwa wa miaka miwili. Baba yako, Kiilu wangu, alikuwa akifanya kazi katika shamba la mkonge kule barabara ya Mombasa, kifua kikamshika, akalazwa hospitali ya huko. Dereva wa lori akapita hapa nyumbani. Akasema daktari anamtoa, baba yake aje amchukue, hawezi kutembea peke yake. Akataja siku. Mzee alikuwa malishoni, kwa hiyo mimi ndiye niliyepokea habari na mimi ndiye niliyempa. Siku ikafika. Baiskeli ya kuazima ilikuwa mlangoni tangu jana yake. Naamka alfajiri, namkuta ameketi anashona kiatu chake cha tairi. Nikamwambia nenda nacho hivyo hivyo. Akasema kidogo tu. Jua likatoka, likapanda, ndipo akaondoka. Alipofika hospitali, benchi la wanaongoja pale langoni lilikuwa tupu. Kiilu alikuwa ameondoka asubuhi ile ile, kwa miguu, akapita njia ya mkato, hawakukutana. Watu wakamkuta kesho yake kando ya njia, amelala kama mtu aliyepumzika, blanketi amelikunja vizuri chini ya kichwa.

Kiatu. Miaka kumi na minane nimekitazama kile kiatu. Tangu tumzike mwanangu sijamwita yule mzee Baba Kiilu. Namwita wewe. Nampikia, namfulia, namwita wewe.

Lakini anapungua, Mutindi. Nguo zinamvaa. Akisikia gari barabarani anasimama, hata kama ana bakuli mkononi, halafu anaketi tena. Sikuambii umpende. Nakuambia uje umwone wakati bado kuna wa kuonwa.

Na kuna lingine, nilitaka kulificha kwa sababu Mbugua ni mzee wa kanisa. Amesema niseme tu. Baba yako huja. Si ndoto, wala si usiku. Huja mchana, jua likiwa utosini, nikiwa nasuka. Anasimama nyuma ya bega langu la kushoto. Sigeuki. Ananiuliza neno moja: "Mama, leo ni siku gani?" Namwambia siku. Ananyamaza kama mtu anayehesabu kwa vidole, halafu hayupo. Nimeomba. Mchungaji ameomba, amefunga siku tatu. Bado anauliza.

Njoo.

Susu wako, Kalunde


Kabati,
28 Julai 1979

Susu,

Nimeacha sindano kwenye tundu kama ulivyosema. Siku ya kwanza niliona upuuzi. Siku ya pili nikajikuta nashona kabla sijavua leso ya kichwa. Mashati saba yameondoka ukutani. Mama mmoja alipopewa la mtoto wake alilipindua mara tatu akitafuta mahali ambapo halijashonwa.

Yale mengine uliyoandika niliyasoma nikiwa nimesimama. Sijui la kusema kuhusu baba. Mimi hajawahi kunijia. Nadhani hanijui sura.

Nitakuja kwako Jumatatu, wiki ile shule zikifungwa. Sijui nitamtazamaje babu yangu, Umau, lakini nitakuja. Naandika hivi leo ili nisiweze kurudi nyuma.

Mutindi


Matiliku,
9 Agosti 1979

Mutindi,

Nilichinja jogoo.

Nataka ulijue hilo kwanza. Mwanzo wa juma nilitembea mpaka Kathonzweni kwa dada yangu Syombua kuchukua unga wa wimbi, kwa sababu ulikuwa ukipenda uji wake ukiwa mdogo. Nikalala huko, nikarudi mbio ili niwahi siku yako. Siku yenyewe nikaamka nikachinja, nikapika, nikaketi kando ya barabara toka umande mpaka kuku wakapanda kulala. Kila gari nilisimama. Mimi, Kalunde, nasimama na kuketi kama yule mzee wangu. Watu wanapita wananiuliza namngoja nani, nasema mjukuu wangu, na wanarudi kutoka sokoni wananikuta hapo hapo.

Kama hukutaka kuja ungesema. Mimi si mtu wa kuvunjika. Lakini kuniahidi, ukaandika kwa mkono wako, halafu ukaketi huko? Mama yako alisema kweli kuhusu damu, na leo ndiyo nimeungana naye kwa mara ya kwanza tangu aolewe.

Jogoo aliliwa na yule mzee. Naye ameanza kuchanganyikiwa. Ananiambia nilipokuwa Kathonzweni Kiilu alikuja, akasimama penye ua wa miiba, akakataa kuingia. Nikamwambia ale anyamaze.

Kalunde


Kabati,
17 Agosti 1979

Susu,

Nilikuja.

Nilikuja Jumatatu kama nilivyoandika. Nililala Machakos kwa rafiki, nikafika kwako saa nane mchana. Nikapiga hodi kwenye ua, hukuitika. Umau alikuwa ameketi nje upande wa ghala. Hakunisikia mimi, alisikia lori lililokuwa likipita nyuma yangu, akasimama. Akainua kiganja juu ya macho, akanitazama muda mrefu. Halafu akaniita kwa jina la baba.

Unajua watu husema nimefanana naye. Nilikuwa nimefunga kichwa, nimevaa koti la kiume kwa ajili ya vumbi. Alisema, "Kiilu, umefika? Ingia basi, mama yako hayupo." Alisema polepole, kama mtu anayeogopa kufukuza ndege. Akaanza kuja.

Nikageuka, Susu. Nikakimbia mpaka barabarani, mtu mzima. Nilimwogopa. Nilifikiri, huyu ndiye aliyeshona kiatu, na sasa ananiita nimsamehe kwa mdomo wa marehemu. Nikarudi Machakos siku ile ile. Nilidhani umesikia kwamba nilikuja nikakimbia, na ndiyo sababu nilinyamaza. Sasa barua yako inasema ulinisubiri toka umande. Ulinisubiri siku gani?

Mutindi


Matiliku,
25 Agosti 1979

Mutindi,

Leo Mbugua ameandika mara mbili na kuchana mara mbili. Hii ni ya tatu. Mvumilie mkono wake.

Alinisomea barua yako mbele ya watu, kwa sababu nilitaka wasikie unavyodanganya. Alipofika pale pa Jumatatu nikamkata kauli. Nikasema uongo, siku hiyo mimi nilikuwa barabarani na jogoo alikuwa kwenye sufuria.

Mbugua akasema, "Mama, Jumatatu ulikuwa Kathonzweni. Mimi ndiye niliyekupa gunia la kutilia unga."

Nikasema, "Kathonzweni nilikwenda siku inayofuata kanisa."

Akasema, "Ndiyo hiyo."

Kagure akacheka, na mimi nikacheka. Unajua sisi tunavyohesabu. Baada ya kanisa juma linaanza, halafu Wa Keli, halafu Wa Katatu. Siku ya tatu ya kazi, ile Mbugua anayoiita Jumatano. Tatu ni tatu. Nani angenijulisha kwamba wenye Kiswahili wanaanza kuhesabu kabla hawajaingia kanisani? Nimeishi miaka hii yote nikisikia Jumatatu na kushika Wa Katatu, na hakuna aliyenisahihisha, kwa maana watu wa hapa wakitaja siku wananitajia kwa Kikamba. Kagure akaniambia basi Jumatano yangu nayo ni Wa Katano, nikasema ndiyo, si ni tano? Tukacheka tena. Wateja nao wakacheka.

Halafu nikaacha kucheka, nikaketi juu ya gunia la chumvi.

Yule dereva wa lori. Alikuwa mtu wa pwani. Kikamba hakujua hata cha salamu. Alisimama uani kwangu, injini inanguruma, akasema, daktari anamtoa Jumatatu. Mimi nikamshukuru, nikampa maji. Mzee aliporudi na mbuzi nikamwambia, Wa Katatu.

Siku ya mazishi alikuja mama mmoja aliyekuwa akiuza uji pale langoni kwa hospitali. Alikuja kutuambia mwisho wa mwanetu ulivyokuwa. Alisema Kiilu alikaa kwenye benchi siku mbili. Alilala kibandani kwa mlinzi, asubuhi akarudi kwenye benchi. Kila gari likija alisimama. Nilimsikia kwa masikio haya, nikasema moyoni, watu wa matanga wanapenda kuongeza chumvi. Siku mbili za wapi, na anatoka Wa Katatu na mzee kaenda Wa Katatu? Sikuzihesabu. Nilikuwa nimeshika kiatu, nimekishika kwa mikono miwili, sikuwa na mkono wa kuhesabia.

Siku mbili, Mutindi. Kiatu kilikula asubuhi moja. Mdomo wangu ulikula siku mbili, na mtoto mgonjwa hana chakula.

Na mimi miaka yote namjibu. Ananiuliza leo ni siku gani, namjibu kama mtu anayejua.

Yule mzee sijamwambia. Nilirudi nyumbani nikamkuta anapukuchua mahindi, punje moja moja, vidole havina nguvu. Nikampa uji. Nitamwambia.

Kalunde


Kabati,
7 Septemba 1979

Susu,

Wiki nzima nilikukasirikia. Nilisema huyu amenilea kwa uongo. Nilishona bila kuinua kichwa, na mashati yaliisha yote, hata ya watu ambao hawajaleta vifungo.

Kisha hasira ikaondoka, sijui ilikokwenda. Uliambiwa neno ukalipokea kwa lugha uliyo nayo. Ningekuwa mimi ningesikia vivyo hivyo.

Lakini nimemkimbia mzee aliyekuwa akija kunikaribisha nyumbani. Hilo nalala nalo. Na yeye analala na lake na lako pamoja, na hajui kwamba moja si lake. Susu, lazima aambiwe. Siwezi kumwambia mimi kwa barua isomwe na Mbugua. Ni wewe.

Umemwambia?

Mutindi


Matiliku,
22 Septemba 1979

Mutindi,

Hapa tuko salama. Mbuzi yule mwenye pembe moja amezaa pacha, kwa hiyo sijapata nafasi. Halafu paa la ghala lilikuwa limeachia upande wa magharibi, na mvua iko karibu, lazima liezekwe kwanza. Nimeliezeka. Halafu kulikuwa na mkutano wa akina mama wa kanisa siku mbili, na kusafisha kisima cha mchanga kule mtoni, huwezi kukiacha. Nimepaka nyumba samadi upya. Nimeshona magunia yote. Hakuna kazi iliyobaki katika boma hili, hata mbwa nimemwosha.

Yule mzee amelala tangu wiki iliyopita. Hatoki nje. Nikiingia na chakula ananitazama kama anayejua nina kitu mdomoni, nami naweka bakuli natoka.

Kiilu alikuja jana na juzi, na leo kabla sijaja dukani. Sikumjibu. Sijui nimpe siku ipi.

Nitamwambia akipata nguvu kidogo.

Kalunde

Mutindi, mimi Mbugua naongeza hapa bila yeye kujua. Nilimtembelea mzee wako jana. Sidhani atapata nguvu kidogo. Mwandikie mama huyu upesi, mimi ananifokea.


Kabati,
28 Septemba 1979

Susu,

Umeosha mbwa.

Mimi nilikuwa na mashati tisa ukutani na wewe ukanicheka. Sasa sikia mwenyewe unavyoshona kola baada ya kola. Hutaki kumaliza kwa sababu ukimaliza itakuwa kweli.

Usimwambie yote. Nenda uketi, useme nyuzi tatu za kwanza tu. Sema lile jina ulilomnyima. Mdomo utaokota la nne wenyewe.

Fanya kabla hujanywa chai.

Mutindi


Matiliku,
13 Oktoba 1979

Mutindi,

Mbugua alikisoma kile kijibarua chako, akachukua kalamu. Sikungoja aandike jibu. Nikaenda nyumbani na jua kali.

Nikaketi ukingoni mwa kitanda, mahali ambapo sijaketi tangu uwe mtoto. Nikasema, "Baba Kiilu." Akafungua macho. Nikasema tena, kwa sababu la kwanza lilitoka kama kikohozi. Baada ya hapo nilisema yote. Dereva, Jumatatu, Wa Katatu, mama wa uji, siku mbili. Sikulia. Niliogopa nikilia atanihurumia kabla hajasikia mwisho.

Nikamsikia akivuta pumzi kama anayepandisha mzigo kilimani.

Akasema, "Nilijua."

Mutindi, alijua. Mlinzi wa lango alimwambia siku ile ile, kabla hajashuka kwenye baiskeli. Alimwambia mtoto wako amengoja tangu Jumatatu, mzee, mbona hukuja Jumatatu? Naye Kiswahili cha siku alikijua, alikipata jeshini. Aliirudia njia yote ile akisukuma baiskeli, akijua siku niliyompa ilikuwa mbaya. Akaingia hapa, nikaanza na kiatu kabla hajaketi.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Nilimuuliza kwa ukali, ndivyo nilivyo. Alijibu polepole, na maneno yake nimemwambia Mbugua ayaandike yote. Alisema:

"Ningetoka alfajiri ningemkuta bado yuko kwenye benchi. Hilo lilikuwa langu, hata ungesema siku gani. Nilikuwa nimeshalibeba. Lako nikaliweka juu yake, sikuona tofauti ya uzito. Nilisema nitakuambia mvua ikinyesha, utakuwa umepoa. Ikanyesha. Nikasema tupande kwanza. Tukapanda. Nikasema tuvune. Mwisho nikaona wewe unaamka kila siku kwa sababu ya hasira yako, unalima, unasuka, unalea. Nikaogopa nikikuondolea hiyo hutaamka."

Mtu wa baadaye. Nimemtukana kwa neno hilo miaka kumi na minane, na lile alilochelewesha kwa kusudi ni moja tu.

Sikumwomba msamaha, sijui maneno yake. Nilimlisha uji mpaka ukaisha, nikamfuta mdomo, nikabaki pale pale. Baadaye gari likapita barabarani. Aliinuka kwa kiwiko, nikamshika bega, nikamwambia acha, leo nitakwenda mimi. Nikatoka mpaka uani, nikasimama uani, nikatazama barabara yote. Lilikuwa lori la mchanga. Nikarudi nikamwambia hakuna mtu. Akalala.

Kiilu hajaja tangu siku hiyo. Nasuka mchana nikiwa nimetega bega la kushoto. Usidhani nimefurahi. Nimemzoea, na kuna saa nataka kugeuka nimwambie siku sahihi, lakini nyuma hakuna mtu wa kuambiwa.

Mzee amekula mara mbili leo. Sijui ni siku ngapi tulizo nazo, tatu ama thelathini, na sitaki Mbugua akuandikie kwamba anapona. Amekuulizia. Anajua ni wewe uliyesimama penye miiba. Nilimwambia, akacheka mpaka akakohoa, akasema una mbio nzuri.

Sasa sikia. Ukija, njoo na wembe mpya na kipande cha sabuni ya kunukia. Nywele zake zimekuwa ndefu, ndevu zimemfunga mdomo, na mimi macho haya yatamkata. Ukifika usiniulize habari, usikae, usiweke mfuko chini. Maji ya moto yatakuwa jikoni. Ingia moja kwa moja, mwinue uegemeze kichwa chake kifuani mwako, umnyoe vizuri mpaka nyuma ya masikio. Mimi na chakula tutakungoja mpaka umalize.

Susu wako,
Kalunde